Tutaiba Usukani Mpaka Lini?

NENDA asubuhi yoyote pale yanapoegeshwa magari ya mizigo ya kukodi, iwe Buguruni, Tandika, Manzese au Mbagala. Fika mapema, saa kumi na mbili hivi, kabla jua halijapanda. Utawakuta vijana wamekaa juu ya bodi ya kenta, wengine wanakunywa chai ya rangi na chapati, mmoja ameinama kwenye injini anapima oili. Wote wamemaliza shule, na wote wanalijua gari lile kuliko mwenye gari. Waulize swali moja tu: "Kuendesha ulijifunzia wapi?"

Watacheka. Kisha mmoja atakujibu bila haya: "Niliiba."

Usiite polisi. Kijana huyo hajaiba gari wala betri. Ameiba usukani. Dereva alipoingia gengeni kula, au alipozidiwa na usingizi wa safari ya jana, utingo alikalia kiti, akawasha gari, akalisogeza mita kumi. Kesho yake akalisogeza mita hamsini. Mwezi ulipoisha alikuwa anapeleka mzigo Kigogo na dereva amelala pembeni yake. Hicho ndicho chuo cha udereva cha mtoto wa mlalahoi katika jiji la Dar es Salaam. Hakina mwalimu, hakina mtihani, hakina cheti, na ada yake ni ngozi ya mabega.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi waheshimiwa mnaopita juu ya mashangingi yenye vioo vya giza, tunauliza: tutaiba usukani mpaka lini?

KAZI IPO, MLANGO UMEFUNGWA

Kila siku tunaambiwa vijana tujiajiri. Ni maneno matamu sana kusemwa na mtu aliyeajiriwa. Lakini tusibishane na kila kitu. Katika mji huu ipo kazi moja ambayo haihitaji mfadhili wala semina: kupeleka mizigo. Saruji inayojenga vyumba vya wapangaji, soda na maji ya chupa yanayouzwa dukani, unga, mchele, viazi na vitunguu vinavyotoka sokoni kwenda magengeni, hakuna kinachotembea chenyewe. Vyote vinabebwa na kenta, fuso au kirikuu, na kila gari kati ya hayo linahitaji mtu wa kulishika vizuri. Mji unakua kuelekea Chanika, Bunju na Kongowe, na safari za kupeleka mzigo zinaongezeka nao.

Kwa hiyo kazi ipo. Shida ni kwamba mlango wake una makufuli mawili.

Kufuli la kwanza ni uzoefu. Tajiri mwenye kenta anataka dereva mwenye uzoefu, naye hana makosa. Gari lile huenda ameliuzia shamba. Lakini uzoefu huo utaupata wapi kama hakuna anayekupa gari? Ni sawa na kumwambia mtoto asiguse maji mpaka ajue kuogelea.

Kufuli la pili ni daraja la leseni. Nchi yetu inaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na chini yake leseni zimepangwa kwa madaraja. Daraja D ni la gari dogo la kawaida. Halikuruhusu kuendesha gari zito wala la biashara. Daraja C na ndugu zake C1, C2 na C3 ni la magari ya abiria. Anayetaka lori anatafuta daraja E. Na huanzi na E. Unaanza na leseni ya kujifunzia, unapimwa, unapata D, unakaa nayo, ndipo unapanda.

Hatupingi utaratibu huo. Ni wa busara, kwa sababu tani tano zikikushinda hazirudi nyuma kuomba radhi. Tunachosema ni kwamba utaratibu huu umeandikwa kana kwamba kila kijana ana baba mwenye gari nyumbani. Kijana wa Vingunguti akipata D, ataiendeshea nini? Kadi inakaa mfukoni na miaka inapita. Siku akiomba kupanda daraja, kadi ndiyo iliyokomaa, mikono yake bado ni ile ile.

HAIKUWA HIVI SIKU ZOTE

Madereva wazee wanasimulia jinsi mambo yalivyokuwa enzi za mashirika ya umma. Shirika lilikuwa na karakana yake na mkuu wa magari mwenye roho mbaya. Utingo aliingia kama utingo, akaosha gari, akajifunza spana, akasogeza magari ndani ya uzio, akapimwa na mkuu wa magari, kisha akapewa gari dogo kabla ya kubwa. Mashirika hayo yalikuwa na madhambi yake na hatuyalilii. Lakini yalipouzwa na kufungwa miaka ya 1990, tuliambiwa habari za hasara, habari za wafanyakazi waliopunguzwa, habari za majengo na mitambo. Hatukusikia mtu akiuliza: na ile ngazi ya kumtoa utingo mpaka kwenye usukani, ameirithi nani?

Hakuna aliyeirithi. Tajiri mmoja mwenye kenta mbili hawezi kuwa chuo.

Na tukumbushane jambo. Mwaka 1983, kwa jina la Nguvukazi, vijana waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa katika mitaa ya jiji hili na kupelekwa mashambani kwa magari. Baba na kaka zetu walipandishwa lori kama mzigo. Sisi watoto wao tunaomba kupanda tena lori, lakini safari hii tukae mbele.

"UNATAKA KUJIFUNZA AU UNATAKA LESENI?"

Mtu atasema vyuo vipo. Ni kweli vipo. Mamlaka ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha udereva. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinafundisha madereva wa mabasi na wa malori makubwa. Tunawapongeza. Waliopita pale wanajulikana hata kwa namna wanavyoshika kona.

Lakini piga hesabu ya utingo. Analipwa kwa siku. Siku asiyopakia hali. Ukimwambia akae darasani wiki kadhaa, hulipi ada peke yake. Unalipa ada, nauli, na mshahara aliouacha. Hapo hujafika kwenye leseni yenyewe, ambayo mwaka 2019 ada yake ilipandishwa kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000, huku muda wake ukiongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Kwa mwenye mshahara hilo si neno, kwa sababu ukigawa kwa miaka, gharama ya kila mwaka imepanda kidogo tu. Kwa deiwaka anayehesabu sarafu, 70,000 inayotakiwa yote leo ni kubwa kuliko 40,000, hata kama itadumu mpaka wajukuu.

Hapo ndipo anapojitokeza kishoka.

Mwandishi wa maoni haya alimaliza kidato cha nne na kuangukia pasipo na ajira kama wenzake. Niliingia katika shule moja ya udereva, chumba kimoja na gari moja dogo lenye kibao cha L. Nilisema nataka kujifunza ili siku moja niendeshe kenta. Aliyekuwa mezani hakuuliza umri wangu wala jina langu. Aliuliza: "Unataka kujifunza au unataka leseni?"

Ndugu msomaji, soma tena swali hilo. Katika nchi nyingine hayo mawili ni kitu kimoja.

Sikununua. Sijisifu wala sijifanyi mtakatifu. Mfuko ulikuwa mtupu. Rafiki yangu wa mtaani alikuwa nazo kidogo, akanunua. Hakukalia kiti cha mtihani hata dakika moja. Baada ya muda alikuja kijiweni na kadi yenye picha yake, mpya, inang'aa. Wala haikuwa kadi feki iliyochapwa uchochoroni, la hasha. Ilikuwa kadi halali iliyotoka dirisha halali. Feki alikuwa dereva.

Akapata kazi haraka, maana tajiri naye aliangalia kadi tu. Mwezi wa pili alipakiwa mifuko 100 ya saruji kwenye kenta ya tani tatu na nusu. Katika kilima kimoja cha Kimara bajaji ilimkatia mbele, akasimama katikati ya mlima. Kuondoa gari lililojaa mlimani ni somo la kwanza kabisa la lori: unashikilia hendibreki, unaachia klachi mpaka injini ianze kuvuta, ndipo unaachia gari. Yeye hakuwahi kufundishwa. Aliachia breki, injini ikazima, gari likaanza kurudi nyuma. Halikusimama mpaka lilipoingia kwenye kibanda cha mama ntilie.

Yule mama alipona, lakini mguu ulivunjika mara mbili na biashara ikafa. Rafiki yangu alishuka, akatazama, akakimbia. Mpaka leo hayupo mtaani. Leseni yake, kama bado anayo, ni ya miaka mitano. Mguu wa yule mama ni wa maisha.

Sasa tuhesabu wenye kosa. Wa kwanza ni rafiki yangu, na hatumtetei. Wa pili ni kishoka. Wa tatu ni yule aliyeandika kwamba amempima mtu asiyempima. Wa nne ni tajiri aliyepakia tani tano kwenye gari la tani tatu na nusu. Aliyetafutwa ni mmoja tu.

LORI SI GARI LA HARUSI

Wapo vijana wanaosema: "Mimi naweza kuendesha, nini cha kufundishwa?" Tuwajibu kwa upendo. Kusogeza gari na kuendesha lori la mzigo ni mambo mawili tofauti.

Anza na hesabu ya darasa la tano. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mifuko 20 ni tani moja. Gari la tani tatu na nusu mwisho wake ni mifuko 70. Wa 71 ni wa tajiri, lakini breki ni zako. Gari lililozidiwa halisimami pale ulipozoea, na tairi linalochemka kwa uzito halipasuki ukiwa umeegesha. Linapasuka ukiwa kwenye mwendo.

Halafu mpangilio. Mizigo mizito ukiirundika nyuma kabisa, mbele gari linakuwa jepesi na usukani unaelea. Ukiirundika upande mmoja, kona ya kwanza itakuonyesha. Mzigo mrefu kama nondo na mbao unataka kamba na kitambaa chekundu kwa nyuma. Mzigo unaoogopa maji unataka turubai hata kama jua linawaka, maana mvua ya Dar haipigi hodi.

Halafu mteremko. Dereva wa kuiba usukani anapenda kupiga nyutro mlimani ili kubana dizeli. Dereva aliyefundishwa anajua mlima unaupanda na kuushuka kwa gia nzito, injini ikusaidie kushika, kwa sababu breki ukizikanyaga mfululizo zinapata moto na zikipata moto hazishiki. Siku utakapotumwa safari ya Kitonga kule Iringa, somo hilo ndilo litakalokurudisha kwa mama yako.

Halafu gari lenyewe. Malori mengi ya Kijapani yanatumia umeme wa volti 24, yaani betri mbili. Ukiazima betri moja ya teksi kuliwasha, utapoteza asubuhi nzima. Katika malori mengi ya zamani ya huko, nati za matairi ya kushoto zinafunguliwa kinyume na za kulia. Asiyejua atazikaza akidhani anazifungua, mpaka aning'inie kwenye spana na kuikata.

Na sheria. Katika maeneo ya makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Nje ya makazi, gari la zaidi ya kilo 3,500 mwisho wake ni kilomita 80. Katika barabara kuu, gari la kuanzia tani tatu na nusu sharti lipite mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na kwetu ilianza kutumika Machi 2019. Hata lori kubwa kuliko yote halitakiwi kuzidi tani 56, gari na mzigo pamoja.

Na mwisho, kurudi nyuma. Mizigo ya mitaani inashushwa vichochoroni, penye watoto, ndoo na mbuzi. Dereva hurudi nyuma akimtazama utingo wake kwenye kioo. Utingo akipotea kwenye kioo, gari linasimama. Haijalishi nani anapiga honi.

Mambo haya yote hayafundishiki kwa gari dogo lenye kibao cha L katika viwanja vya mpira. Yanafundishika kwenye lori lenye mzigo, pembeni ya mtu anayejua. Na mtu huyo yupo! Ni yule dereva mzee ambaye sasa hivi amelala pembeni wakati utingo wake anaiba usukani. Kinachokosekana ni mtu wa kuuita wizi huo kwa jina lake halisi, yaani shule, na kuuwekea kanuni.

MIFUKO MINNE

Tuseme umeshayashinda makufuli yote mawili. Una E yako ya halali, umepata kenta, unapeleka mizigo. Je, umefika? Bado. Sasa unaingia kwenye daftari la tajiri.

Nilipokuwa utingo, dereva wangu alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu wa swala tano, hajui hata kudanganya saa. Usiku mmoja tulipakia saruji ghalani, umeme umekatika, wapakiaji wanaharakisha. Karatasi ilisema mifuko 70. Mzee akatia sahihi. Asubuhi dukani ikahesabiwa 66. Mwenye duka akampigia tajiri, tajiri hakutaka maelezo. Mwisho wa mwezi mzee hakupata hata senti. Mshahara wote ulikatwa, na akaambiwa ashukuru hakupelekwa polisi. Alinyamaza. Alikuwa na watoto wanne na hakuwa na mkataba. Ilikuwa mwaka huo huo ambao alikuwa ananifundisha, kila Jumapili alfajiri, kuondoa gari mlimani.

Wakati ule mimi na yeye hatukujua kitu. Leo najua, na ninaandika ili na wewe ujue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, inasema hivi kuhusu makato ya hasara: lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, mwajiri amweleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, ampe nafasi ya kupinga, asikate zaidi ya hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Robo, siyo wote. Mzee wangu aliibiwa mara mbili, mara ya kwanza ghalani gizani, mara ya pili ofisini mchana.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi unapoanza kazi. Inaweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na hata ukiongeza saa za ziada, siku isizidi saa 12. Hebu mwambie hayo dereva anayeanza kupakia saa kumi alfajiri na kushusha mzigo wa mwisho saa nne usiku! Ukidhulumiwa malipo, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na lalamiko la namna hiyo linatakiwa lifike ndani ya siku 60. Ukifukuzwa, unazo siku 30. Ukikaa kijiweni ukilaani mpaka siku hizo zipite, sheria nayo itakugeuzia mgongo.

Na bima? Ile bima ya lazima ya gari ni ya kumlinda mtu mwingine utakayemdhuru. Hailipi mzigo uliopotea. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, shuka, washa tochi ya simu, hesabu mwenyewe. Wakikuita mshamba, kubali ushamba huo.

TUNADAI NINI

Hatuandiki kulalamika tu. Tunadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje.

Kwanza, utingo atambuliwe kuwa mwanafunzi. VETA tayari inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi mitaani bila kupita darasani. Mafundi wengi wamepimwa na kupewa vyeti. Kwa nini utingo wa miaka mitano asipimwe hivyo? Apewe kitabu, dereva aliyemfundisha aandike na kusaini, awe na leseni ya kujifunzia mfukoni, na alipe ada ya kile asichokijua badala ya kuanza upya kana kwamba hajawahi kuona usukani.

Pili, mtihani wa lori ufanyike kwenye lori. Liwe na mzigo, lipandishwe mlima, lirudishwe nyuma penye kichochoro. Ufanyike hadharani, majina ya waliofaulu na jina la aliyewapima yabandikwe ukutani. Kishoka hufanya kazi gizani, tumulikieni.

Tatu, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na yenye jukumu la kuwapima na kuwasajili madereva wa vyombo vya biashara, isiishie kwenye mabasi na malori ya safari ndefu. Kenta ya Mbagala nayo inaua. Na anayepakia tani tano kwenye gari la tani tatu na nusu aulizwe yeye, siyo dereva peke yake kando ya barabara. Trafiki wanajua vizuri gari ni la nani. Wakati mwingine wanamjua hata kwa namba ya simu.

Nne, fedha za halmashauri. Sheria inataka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kelele za vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha utingo kumi siyo hewa. Kila mmoja ana malengelenge ya kuonyesha. Wakopesheni ada ya chuo, na wakihitimu wakopesheni kirikuu.

NA WEWE KIJANA

Sasa tugeukie kijiwe, maana nyani haoni kundule. Usinunue leseni. Siyo kwa sababu tunakuhubiria, bali kwa sababu unanunua kesi ambayo haijapata tarehe. Siku ya ajali utaulizwa nani alikufundisha, nani alikupima, na kishoka hatakuja mahakamani kukushika mkono.

Usingoje serikali peke yake. Hapo mlipo mko kumi, na mnajua kucheza upatu; mmeshanunua simu na redio kwa upatu. Chezeni upatu wa ada. Kila mmoja aweke kidogo kila siku ya kazi, mwezi ukiisha mmoja aende chuoni, na wale tisa wapokezane kushika nafasi yake kwenye gari ili asirudi akakuta kazi imeliwa. Baada ya mwaka mtakuwa madereva kumi badala ya wezi kumi wa usukani.

Kuwa na daftari. Andika tarehe, ulichopakia, wapi, ulichoshusha, nani alipokea. Daftari la shilingi chache limewahi kuokoa mshahara wa mtu, na kukosa daftari kulimkosesha mzee wangu wake.

Na ukizidishiwa mzigo, sema hapana. Tunajua hilo ni gumu. Nje ya geti wapo watano wanaosubiri kiti chako. Lakini mkisema hapana wote siku moja, tajiri atapakia safari mbili. Saruji haiozi.

Mzee wangu ameacha kuendesha. Macho yamechoka. Tulipoonana mara ya mwisho aliniuliza kama nimeshapata E. Nikamwambia bado, nina D tu, na sasa naandika magazetini. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niandike kwamba kuna watu waliotaka kufundisha wakakosa pa kufundishia.

Nimeandika. Wenye mamlaka mnasoma hata kama mnajifanya hamsomi gazeti hili. Tunasubiri jibu.